Daraja limefunguliwa, mashati bado yanachelewa

Maswali ya wasomaji kuhusu kazi na biashara

SWALI: Shikamoo Mzee. Nina karakana ya kushona sare za shule hapa Sengerema. Nina mkataji mmoja, mafundi cherehani sita, na binti mmoja wa mashine ya matundu ya vifungo. Vifungo vyenyewe anashona mama jirani, na kijana mmoja anapiga pasi na kufungasha. Mafundi nawalipa kwa kipande, wengine kwa siku.

Kila Januari wazazi wananisema kwa kuwachelewesha. Nilikuwa najitetea kwamba kitambaa kinatoka Mwanza na kivuko ndicho kinachochelewesha. Sasa daraja limefunguliwa, kitambaa nikiagiza asubuhi jioni ninacho, na bado nachelewa. Mafundi wanajituma, kwa siku wanatoa mashati kama 50. Binti wa matundu ndiye simwelewi. Anatoa 30, na nimefikiria kumwondoa. Mashati yanayomsubiri tumejaza viroba vinne, kila kimoja mashati 60 hivi, tumevisukumiza chini ya meza ya kukatia. Yeye anakaa mlangoni, kwa hiyo ndiye pia anayepokea wateja na kuwapima watoto.

Nina oda ya mashati 2,400 ya Januari na zimebaki siku 60 za kazi. Kikundi chetu kimekubali kunikopesha shilingi 3,000,000 ninunue vyerehani vinne na kuajiri mafundi wanne. Nichukue? Shati moja mpaka kumfikia binti limeshakula kama shilingi 7,000 za kitambaa, uzi na ujira.

Mama Sare, Sengerema

JIBU: Marahaba mwanangu. Mkopo huo usiuchukue kwanza. Waombe wenzako wa kikundi wakushikie nafasi hata mwezi mmoja. Na huyo binti, tafadhali, usimguse. Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara ya tatu nilichukua kalamu nikaanza kupiga hesabu pembeni ya karatasi yako.

Wewe ni mtu wa njia ya Kigongo na Busisi, kwa hiyo sina haja ya kukupa mifano ya mbali. Kumbuka enzi za kivuko. Basi linatoka Mwanza mbio, abiria wameshikilia viti, linafika Kigongo linakuta malori yamepanga foleni na wauza mahindi wanazunguka madirishani. Hata magari yote ya mkoa yangefungwa injini mpya, idadi ya yaliyovuka kwa siku ingebaki ileile ambayo kivuko kiliweza kubeba. Aliyewahi aliwahi foleni. Kilichobadilisha safari ni kuguswa kwa pale penyewe palipokwamisha, ndipo Juni 2025 likafunguliwa daraja la kilomita 3 juu ya Ziwa Victoria na watu wakasahau foleni.

Kila kazi inayopita mikono mingi ina kivuko chake. Chako zamani kilikuwa ziwani kweli. Kilipoondoka, kingine kilikuwa kimeshakaa mlangoni kwako, nawe ukaendelea kukitafuta nje.

Na umekionyesha mwenyewe bila kukusudia. Viroba vinne. Kazi hurundikana mbele ya mahali inapokwama, na ukivuka hapo unakuta watu wanangoja. Nina hakika ziko saa mama jirani anakaa na sindano bila shati, na kijana wa pasi anachezea simu. Usiwagombeze. Hawajaletewa kazi.

Tuje kwenye hesabu. Mashati 30 kwa siku, mara siku 60, ni 1,800. Oda yako ni 2,400. Wazazi wa mashati 600 ndio watakaosimama mlangoni kwako Januari na watoto wao. Sasa weka vyerehani vinne na mafundi wanne. Mafundi kumi watatoa, tuseme, mashati 80 kwa siku. Mlangoni yatatoka 30. Mengine 50 yataingia chini ya meza kila siku inayokucha, mpaka ukose pa kuweka miguu. Januari utapungukiwa na mashati yaleyale 600, na safari hii utakuwa na deni.

Kulikuwa na profesa mmoja wa Marekani, John Little, ambaye mwaka 1961 alithibitisha kwa hesabu kanuni ambayo mpanga foleni yeyote anaihisi mwilini: muda wa kusubiri ni vilivyomo kwenye foleni, gawanya kwa vinavyotoka kwa siku. Viroba vyako vina mashati 240. Gawanya kwa 30, unapata siku 8. Shati linalotoka kwa fundi leo jioni litakaa siku nane kabla ya kutobolewa tundu la kwanza, hata kama fundi alilishona kwa mbio zote za dunia. Tena hapo nimechukulia kwamba la kwanza kuingia ndilo la kwanza kutoka. Kama mnafungua kiroba kilicho juu, lile la chini kabisa huenda liko hapo tangu Septemba.

Na fedha je? Mashati 240 mara 7,000 ni shilingi 1,680,000. Unaomba mkopo wa milioni tatu, na zaidi ya nusu yake umeilaza chini ya meza ya kukatia. Hapo kwa kweli niliweka kalamu chini nikakuonea huruma, maana najua ulivyozikusanya hizo fedha.

Najua kwa sababu nilifanya hivyohivyo. Mwaka 1998 nilikuwa na tanuri la mikate ya boflo Tanga. Tulianza kuoka saa nne usiku, na saa kumi na mbili asubuhi wauzaji wa baiskeli walikuwa mlangoni. Tanuri lilibeba mikate 80 kwa mpishi mmoja, yaani kwa kuoka mara moja, na kwa usiku tulipata mipishi sita, yaani mikate 480. Wauzaji wakawa wanataka zaidi. Mimi nikawatazama vijana wawili waliokanda unga kwa mikono, jasho linawatiririka, nikasema hawa ndio wanaonichelewesha. Nikakopa, nikanunua mashine ya kukandia.

Usiku wa kwanza mashine ilikanda kama ilivyoahidiwa. Kufika saa saba usiku madonge yalikuwa yamejaa kila trei, kila ubao, hata juu ya magunia ya unga. Tanuri likawa linakula 80 zake tu. Donge la mkate halisubiri kama shati. Hamira inaendelea kufanya kazi. Yaliumuka yakavuka kingo za vikopo, yakasimama kidogo, kisha katikati yakabonyea na kushuka kama mpira uliotobolewa, na chumba kizima kikanuka uchachu kama wa pombe. Asubuhi mikate ilikuwa 480. Mengine tulimpa mfuga kuku.

Nilikaa usiku mzima uliofuata mbele ya tanuri na saa mkononi. Mkate ulikaa ndani dakika 35. Lakini kutoka mpishi mmoja hadi mwingine zilipita dakika 80. Zile 45 za katikati tanuri lilikuwa tupu: mwokaji ameenda kupasua kuni, amerudi zikawa mbichi, akatafuta trei, trei hazijapakwa mafuta, akapaka yeye. Tanuri, ambalo ndilo lililoamua mikate mingapi tuuze, lilikuwa linakaa bure kuliko mtu yeyote mle ndani. Kijana mmoja aliyekuwa anakanda nikampa kazi ya kuni kavu na trei tu. Mwokaji asiuache mdomo wa tanuri. Dakika 45 zikashuka hadi 25, mipishi sita ikawa minane, mikate 480 ikawa 640. Mkopo wa mashine niliendelea kuulipa miaka miwili.

Kuna mwanafizikia wa Israeli, Eliyahu Goldratt, aliyefariki mwaka 2011, ambaye ndiye aliyewafundisha wenye viwanda kufikiri hivi. Inasemekana alianza baada ya kuombwa msaada na mtu aliyetengeneza vizimba vya kuku. Msingi wake ni kwamba saa moja iliyopotea pale panapokwamisha imepotea kwa karakana nzima, na saa uliyookoa penginepo haikuongezei hata shati moja. Wakati ule sikuwa nimemsikia. Tanuri ndilo lililonifundisha.

Basi nenda kakae na binti siku nzima, na saa. Mwambie mapema kwamba unaipima kazi, humpimi yeye, vinginevyo mikono itamtetemeka. Andika kila anachofanya. Nikadirie kwa mbali, wewe utanisahihisha: shati la sare lina matundu sita kwa mbele, na kwa mashine ya zigizaga kulenga na kushona tundu moja ni kama dakika moja. Weka na kubadilisha shati, fanya dakika nane kwa shati. Kwa siku ya saa nane hayo ni mashati 60. Yeye anatoa 30. Nusu ya siku yake inakwenda wapi?

Inakwenda kwa watoto anaowapima, mwanangu. Inakwenda kwa mama aliyekuja kuuliza bei ya sweta. Inakwenda kwa chaki na rula, akitia alama za matundu moja moja, na kwa wembe, akifungua kila tundu taratibu asikate uzi. Inakwenda bobini ikiisha katikati ya tundu. Na kwa kuwa yuko mlangoni, sitashangaa kama ndiye anayetumwa umeme na chai. Binti uliyefikiria kumwondoa anafanya kazi za watu watatu, na kazi moja tu kati ya hizo ndiyo inayoamua Januari yako. Ukimleta mwingine ukamkalisha kwenye kiti kilekile, atatoa 30 vilevile.

Mhamishe kutoka mlangoni leo. Mpeleke ndani kwenye mwanga mzuri, kiti kizuri, mgongo usimuume. Kupokea wateja mpe kijana wa pasi, ambaye ana nafasi. Alama za matundu zitiwe na mtu mwingine kabla shati halijamfikia: kata kipande cha kadi ngumu, kitoboe sita kwa umbali sahihi, kiwekwe juu ya ukanda wa shati, chaki ipite, dakika haiishi. Wembe apewe mama jirani, maana ndiye anayefuata na vifungo. Bobini kumi zijazwe uzi mweupe asubuhi na zikae kwenye kopo mkono wake wa kulia, na sindano za akiba. Wakati wa chakula mashine isinyamaze. Mfundishe fundi mmoja aishike kwa ile saa, na huyo ndiye atakayekuokoa siku binti akiugua.

Jambo moja ambalo wengi hulipita: kagua shati kabla halijaingia kwa binti. Kola iliyopinda, ukanda wa mbele uliozidi upande mmoja, virudi kwa fundi kabla. Akitoboa matundu sita kwenye shati litakalofumuliwa, dakika zake nane ameziweka kwenye takataka, na hizo hazirudishiki.

Ukifanya haya naamini atafika 55. Hujatumia ila kadi na chaki.

Sasa linakuja gumu, na hapa nakuomba uwe na moyo. Inabidi mkataji na mafundi wapunguze mashati mpaka rundo lishuke. Mkataji akate kwa kipimo cha matundu, si kwa kipimo cha nguvu zake. Lakini mafundi unawalipa kwa kipande. Ukiwaambia wapunguze, umewaambia watoto wao wale kidogo. Usiwafanyie hivyo. Chukua mafundi wawili uwahamishie kwenye sketi za lastiki na kaptula zisizo na tundu la kifungo, ambazo najua nazo zinadaiwa Januari, na ujira wa kipande uwe sawasawa na wanachopata kwenye shati kwa siku. Wanne wanaobaki watatoa mashati 33 hivi, binti anatoa 55, rundo linapungua mashati 22 kila siku. Baada ya siku nane au tisa utabaki na kiroba kimoja. Hicho kiache. Usione ni uchafu, ni akiba ya binti, ili siku mkataji akichelewa au umeme ukikatika upande wa mafundi yeye asikose shati. Kisha warudishe wale wawili, mwendo uwe 50.

Na binti mwongezee ujira. Nalisema wazi kwa kuwa nimeona karakana nyingi zikimgeuza mtu wa mahali panapokwama kuwa punda, wakimsimamia kichwani, wakimnyima hata kwenda msalani. Anayebeba Januari ya watu wote alipwe kwa uzito huo. Kama umeme wa mchana ni wa mashaka na wa usiku unatulia, mwulize kama anaweza kuja baadhi ya jioni, mlipe ziada, na umsindikize nyumbani.

Kwa mashati 50 kwa siku, oda ya 2,400 inakwisha siku ya 48. Zinabaki 12 za matatizo, na matatizo yatakuwepo.

Hapo kivuko kitakuwa kimehama. Binti ana nafasi ya 55, mafundi wanatoa 50, kwa hiyo wao sasa ndio wanaoamua. Hapo ndipo cherehani cha saba kitakuwa na maana, na pengine kimoja tu, si vinne. Au utakuta mkataji mmoja hawatoshi wote. Au utakuta kila kitu kinatoka kwa wakati na wanunuzi ndio hawatoshi, maana Machi hakuna anayenunua sare. Hapo shida iko sokoni, na mashine haiitibu. Usikisie. Angalia rundo limehamia wapi, ndipo uende kwenye kikundi na karatasi ya hesabu mkononi. Na kabla ya kununua mashine ya pili ya matundu, ulizia mjini Mwanza mafundi wanaotoboa kwa malipo ya kila shati. Kwa wiki mbili za Januari huenda hao wakakutosha, na daraja lipo.

SWALI: Shikamoo Mzee. Nina duka la vifaa vya ujenzi Babati, vijana wanne. Wateja wanalalamika kusubiri. Vijana hawana haraka, kila kitu mpaka waniulize mimi. Mwezi uliopita nilienda msibani siku tatu, duka likauza misumari na rangi tu. Nifanyeje wachangamke?

Mwenye Duka, Babati

JIBU: Marahaba kijana, na poleni na msiba. Umesoma barua ya Mama Sare hapo juu? Kivuko cha duka lako ni wewe.

Vijana wako wanauliza kwa sababu bei unazo kichwani. Mabati ya geji 30 leo bei gani, mteja wa zamani apunguziwe ngapi, saruji akichukua mifuko 50 iwe vipi, nani anakopeshwa. Mteja amesimama, kijana amesimama, na wewe uko kwenye simu na mwenye lori. Hata ukiajiri kijana wa tano, naye atasimama kwenye foleni ya kukuuliza.

Kwa wiki moja andika kila swali unaloulizwa, na nani kauliza. Nina hakika yanayojirudia hayatazidi kumi na tano. Kisha nunua daftari gumu. Kila bidhaa iwe na bei mbili: ya kuanzia, na ya mwisho ambayo chini yake kijana haendi. Kijana yeyote auze kati ya hizo mbili bila kukuita. Mauzo yakizidi kiasi fulani, panga wewe, labda shilingi 500,000, ndiyo yaje kwako. Mikopo ibaki kwako peke yako, lakini iwe na saa zake, saa nne asubuhi na saa tisa alasiri, mteja ajue. Stoo ufunguo mpe mmoja na asaini anachotoa.

Watakosea. Mmoja atauza nondo kwa bei ya mwezi uliopita na roho itakuuma. Piga hesabu ya kosa hilo, halafu piga hesabu ya siku tatu za msiba bila kuuza hata bati moja, uziweke pamoja kwenye karatasi moja.

Kisha Jumatano ijayo, mchana wa soko, ondoka dukani kwa muda wa saa tatu nzima. Nenda shamba, simu iache nyumbani. Ukirudi usiulize wameuza kiasi gani. Uliza ni mteja yupi walishindwa kumhudumia, na kwa nini, uongeze mstari kwenye daftari.